Swali Kuwa Mstari: Namna Hifadhidata ya OpenMRS Ilivyosanifiwa

OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadilisha, ulianza kubuniwa mwaka 2004, baada ya Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief, jimboni Indiana nchini Marekani, kufika Eldoret, Kenya, na kuukuta mpango wa AMPATH, unaoendeshwa pamoja na Chuo Kikuu cha Moi, ukipokea wagonjwa wa UKIMWI kwa wingi usioweza kubebwa na hifadhidata iliyokuwapo. Hifadhidata hiyo ilitokana na mfumo uliowekwa mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot kwa programu ya Microsoft Access, na kwa kazi ya kituo kimoja ilitosha kabisa. Kilichoishinda ni kukua.

Hifadhidata ya aina hii ni mkusanyiko wa majedwali yanayounganishwa kwa funguo, ambazo ni namba za kutambulisha kila mstari. Mwanafunzi anayekabidhiwa fomu ya kliniki kwa mara ya kwanza huliwekea kila swali safu yake: safu ya uzito, safu ya joto la mwili, safu ya kila dawa. Jedwali hilo hupendeza siku ya kwanza. Mwongozo wa matibabu ukibadilika au kipimo kipya kikiingia maabara, lazima jedwali lenyewe liongezwe safu, kisha skrini za kuingizia data na kila ripoti inayolitegemea zirekebishwe na mtaalamu ambaye huenda hayupo kituoni. Na wakati huohuo mgonjwa aliyekuja kwa homa tu huacha nyuma yake visanduku vitupu visivyo idadi.

Wabunifu wa OpenMRS waligeuza mambo: swali likaacha kuwa safu, likawa mstari. Wazo lenyewe halikuwa geni, kwani mfumo wa Regenstrief ulioanzishwa na Clement McDonald mwaka 1972 ulikwisha kutegemea kamusi ya istilahi za kitabibu. Katika OpenMRS kila jambo linaloweza kuulizwa au kujibiwa husajiliwa kwanza katika kamusi ya dhana na kupewa namba, na katika kamusi iliyokuzwa Eldoret uzito kwa kilo ulipewa namba 5089, hesabu ya seli za CD4 ikapewa 5497. Mgonjwa akipimwa na kuonekana ana kilo 52, jedwali liitwalo obs hupata mstari mmoja wenye namba ya mgonjwa, namba ya hudhurio, 5089, tarehe, na 52 katika safu ya majibu ya tarakimu. Zipo safu nyingine za majibu ya tarehe, ya maandishi na ya kuchagua, na jibu la kuchagua nalo ni dhana yenye namba yake, hata “ndiyo” na “hapana”. Kuongeza swali jipya, basi, ni kuongeza mstari katika kamusi, kazi isiyogusa muundo wa jedwali lolote.

Gharama ya uamuzi huu si ndogo, na wanaousifu huipita haraka. Jedwali la obs ni jembamba lakini refu mno, na anayetaka ripoti yenye mgonjwa mmoja kwa kila mstari, uzito wake, CD4 yake na dawa zake zikiwa kando kwa kando, hulazimika kuokota kila jibu mahali pake na kulipanga upya, ndiyo maana vituo vikubwa huandaa majedwali mengine bapa kwa ajili ya ripoti pekee. Kamusi nayo yataka mlinzi, kwa sababu “uzito” na “uzito wa mwili” zikisajiliwa kama dhana mbili, takwimu za kliniki zitagawanyika vipande viwili wala kompyuta haitalalamika.

Kiolesura cha wavuti, yaani kurasa ambazo mtumiaji huziona katika kivinjari huku data ikikaa kwenye seva, kilijengwa kwa lugha ya Java juu ya hifadhidata ya MySQL. Mwanzoni watabibu walijaza fomu za karatasi na makarani wakaziingiza, kwa hiyo kazi kuu ya skrini ilikuwa kuzuia makosa ya vidole. Kiwango cha juu na cha chini cha kila kipimo huandikwa katika kamusi, si katika fomu, hata karani akiandika 520 badala ya 52 fomu yoyote inaweza kumkatalia. Namba ya mgonjwa nayo huongezwa tarakimu ya ukaguzi, inayopatikana kwa hesabu ya Luhn: katika 4271, kuanzia kulia, tarakimu moja huzidishwa kwa mbili (jibu likizidi 9, tarakimu zake hujumlishwa) na inayofuata huachwa, zikapatikana 2, 7, 4 na 4, jumla 17, na 3 ndiyo inayoifikisha 20, hivyo namba kamili ni 4271-3. Karani akipindua na kuandika 4721-3, hesabu hudai 7 na ukurasa hukataa kabla kilo za mgonjwa mmoja hazijaingia katika jalada la mwingine. Kosa likipenya hata hivyo, mstari haufutwi. Hutiwa alama ya kubatilishwa, pamoja na jina la aliyebatilisha, wakati na sababu.

Mfumo ulianza kutumika Eldoret mwaka 2006, na mwaka huohuo ukafika Rwinkwavu, Rwanda, kupitia shirika la Partners In Health, kwa majedwali yaleyale ingawa kliniki zilikuwa na fomu zake. Majina ya dawa, miongozo na sura za skrini vimebadilika mara nyingi tangu hapo, lakini katika kamusi ya CIEL, ambayo leo hutumiwa na vituo vya nchi nyingi, 5089 bado ni uzito kwa kilo.