Kabla ya kupiga window

Gemu inapogoma kufunguka, jibu la haraka katika vibanda vingi vya mafundi, Tanga mjini kama Pangani na Muheza, ni kupiga window. Diski inasafishwa, Windows inawekwa upya, gemu inanakiliwa tena kutoka flashi ileile, na mara nyingi inajifunga palepale ilipokuwa ikijifunga. Mteja amepoteza siku nzima, pengine na picha zake, na chanzo cha tatizo bado hakijulikani.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba ushahidi umefutwa. Kila programu inapoanguka, Windows huandika taarifa fupi katika sehemu iitwayo Event Viewer: saa ya tukio, jina la programu, jina la faili lililokuwa likitumika wakati wa kuanguka, na namba ya kosa. Kuisoma hakuhitaji intaneti wala bando. Namba 0xc0000135 inasema kuna faili la lazima ambalo halipo. Namba 0xc0000005 inasema programu imegusa sehemu ya kumbukumbu isiyoruhusiwa. Namba 0xc000001d inasema prosesa imepewa amri isiyoifahamu, na hapo hakuna Windows mpya itakayosaidia. Ndivyo ilivyokuwa Agosti 2016, No Man's Sky ilipotoka: wenye prosesa za zamani za AMD aina ya Phenom hawakuweza kuifungua, kwa kuwa gemu ilitaka amri za SSE 4.1 ambazo prosesa hizo hazina. Ilibidi Hello Games, watengenezaji wenyewe, watoe kiraka.

Kosa la 0xc000007b linastahili kuelezwa kwa kirefu, maana mara nyingi husababishwa na matibabu yenyewe. Gemu inalalamika kwamba haioni xinput1_3.dll. Fundi anatafuta faili hilo peke yake mtandaoni, analipakua na kulibandika ndani ya System32. Lakini katika Windows ya biti 64, folda ya System32 ni ya mafaili ya biti 64; yale ya biti 32 hukaa SysWOW64, ingawa majina yanaelekeza kinyume. Faili likiwekwa pasipo pake, gemu inakutana na kitu cha aina nyingine na kukataa. Dawa sahihi ni kuweka kifurushi kamili cha DirectX cha Juni 2010, ambacho Windows 10 na 11 haziji nacho, pamoja na maktaba za Visual C++ za aina zote mbili, biti 32 na biti 64. Fundi anaweza kutembea navyo kwenye flashi, na mara nyingi vimo tayari ndani ya folda ya gemu.

Flashi nayo ichunguzwe. Kwa kuwa kupakua gemu ya makumi ya GB kwa bando ni gharama kubwa, nyingi hupita mkono kwa mkono. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4, na gemu za sasa zina mafaili makubwa kuliko hapo. Mtu ananakili folda, ujumbe wa kosa unatokea, anaruka faili hilo na kuendelea. Gemu inafika kwa mwenzake ikiwa na pengo. Kufomati flashi kwa exFAT kunaliondoa tatizo hili moja kwa moja.

Kisha kuna mashine yenyewe. Laptop nyingi zinazotumika pwani ni mtumba wa maofisini, Dell Latitude na HP EliteBook, zisizo na kadi ya grafiki ya pekee. Latitude E6420 yenye Intel HD Graphics 3000 inaishia DirectX 10.1; gemu inayodai DirectX 11 haitafunguka hapo kamwe. Kizazi cha nne cha Intel, kinachopatikana kwenye EliteBook 840 G1, kina kisa chake: kiliwahi kumudu DirectX 12, kisha Intel yenyewe ikaizima kupitia draiva mpya kwa sababu za usalama. Katika mashine kama hiyo, kuweka draiva mpya ndiko kunakoifunga gemu iliyokuwa ikicheza jana.

Muda wa kuanguka nao una maana. Gemu inayokufa kabla ya nembo kutokea kwa kawaida imekosa faili; inayokufa skrini inapobadilika ina ugomvi na grafiki. Inayocheza robo saa kisha ikazima mashine nzima inashukiwa kuzidiwa na joto, hasa miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, feni zikiwa zimejaa vumbi. Na zipo zinazosubiri intaneti kuthibitisha leseni. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi. Aliyefungua mashine yake siku hiyo kutafuta ubovu alitafuta pasipo na kitu.

Wakati mwingine hata ujumbe wa kosa unapotosha. Mwaka 2024, wenye prosesa ghali za Intel za kizazi cha 13 na 14 waliona gemu za Unreal Engine zikianguka mwanzoni kwa ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha. Wengi waliilaumu kadi. Julai mwaka huo Intel ilikiri kwamba prosesa zilikuwa zikipokea umeme wa volti iliyozidi, na Agosti ikatoa marekebisho ya maikrokodi, 0x129, kupitia BIOS. Yalikusudiwa kuzuia madhara mapya; prosesa iliyokwisha kuharibika ilibidi ibadilishwe.

GTA San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, ndiyo mfano bora kuliko yote wa kwa nini uchunguzi utangulie. Kosa lake la kawaida ni dogo: faili la gta_sa.set, linalohifadhi mipangilio ya skrini, linapoharibika gemu haifunguki. Likifutwa, gemu inaunda jingine, na hatua alizofikia mchezaji zinabaki, kwa kuwa zimehifadhiwa katika mafaili mengine.

Kosa lake la pili lilijificha takriban miaka 20. Baada ya Windows 11 toleo la 24H2, ndege ya majini iitwayo Skimmer ilitoweka, na aliyeilazimisha itokee alirushwa angani mbali mno. Lawama ziliiangukia Microsoft. Aprili 2025, mtaalamu anayejulikana kama Silent alionyesha kwamba katika faili la vehicles.ide mstari wa Skimmer haukuwa na vipimo vya magurudumu. Gemu haikukagua upungufu huo, na kwa bahati tu ilikuwa ikitumia namba zilizobaki kwenye kumbukumbu kutoka gari lililosomwa kabla yake. Toleo la 24H2 lilibadilisha namna Windows inavyotumia eneo hilo la kumbukumbu, na namba zile zikafutika. Kwa hiyo kupiga window, tena mpya kabisa, ndiko kungeleta ubovu huu kwenye mashine isiyokuwa nao. Tiba imo ndani ya kiraka cha Silent, SilentPatch, na asiyetaka kiraka anaweza kufungua vehicles.ide kwa Notepad na kuujaza mstari huo mwenyewe.