Wakili Asiyepanda Jukwaani

Katika tamthiliya ya Mzalendo Kimathi, iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo na kutoka kwanza kwa Kiingereza mwaka 1976, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau nchini Kenya, yuko peke yake kizimbani. Anaikataa sheria ambayo watu wake hawakushirikishwa kuitunga. Mbele yake kaketi Shaw Henderson, jaji ambaye baadaye anamfuata selo kumbembeleza wapatane. Wakili wa utetezi haonekani.

Mwenendo wa kesi halisi una habari nyingine. Novemba 1956 mjini Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu wa baraza, Kimathi alitetewa na Frederick Miller. Shtaka lilikuwa kukutwa na bastola na risasi. Alikana, akala kiapo, akaeleza kwamba siku aliyokamatwa alikuwa njiani kwenda kujisalimisha. Alinyongwa Februari 18, 1957.

Nawavulia kofia watunzi hawa kwa kuthubutu kumwondoa Miller. Wakili akishainuka na kutamka "Mheshimiwa Jaji", amekwisha kukubali kwamba mahakama ile ina haki ya kuhukumu. Kimathi wa jukwaani hakubali hilo, atawekaje msemaji? Tena Henderson amepewa jina la Ian Henderson, ofisa wa polisi aliyeongoza msako. Mwindaji kavishwa joho la jaji, na mtazamaji anauona mfumo mzima katika uso mmoja. Huo ni ufundi wa hali ya juu.

Nautamani ufundi huo kwetu Iringa. Krismasi ya 1971, huko Isimani, wakati wa vuguvugu la vijiji vya ujamaa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi na kumuua Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu. Akaupakia mwili kwenye gari la marehemu mwenyewe, akaendesha hadi polisi Iringa mjini, akajisalimisha. Kesi ilisikilizwa na Jaji Onyiuke, Mnigeria, na hukumu ikawa kifo.

Lakini hapa mtunzi akimfuta wakili ataharibu kazi. Aliyeua anajulikana, maiti kaileta mwenyewe. Kilichobaki kubishaniwa ni hali ya akili yake alipofyatua bunduki, na mzigo huo ni wa wakili. Natamani kijana mmoja wa Iringa au Mbeya aisome hukumu ile mstari kwa mstari, kisha ampe wakili maneno mengi kuliko mhusika mwingine yeyote.