Hija ya Karema: Mhusika Yuko Wapi?

Masimulizi ya hija tunayoandika vijana wa Mpanda yamekuwa kama yamepigwa muhuri mmoja. Basi la kukodi linaondoka alfajiri, kwaya inaimba, kina mama wanasali rozari, vumbi jingi, tunafika Karema, misa, picha mbele ya kanisa, tunarudi tumejaa neema. Basi. Ukisoma moja umeyasoma yote.

Imani ya mahujaji siigusi. Nagusa kalamu. Tunahesabu majengo na kutaja miaka, lakini mtu hatumwonyeshi.

Mandhari yenyewe si haba. Wabelgiji walijenga boma Karema mwaka 1879, kando ya Ziwa Tanganyika. Maji yakarudi nyuma, boma likabaki nchi kavu. Mwaka 1885 likakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers. Boma la bunduki likawa nyumba ya sala! Hapo pana sura nzima ya riwaya, nasi tunapapita kwa sentensi moja.

Tukitafuta shujaa, tunamkimbilia Kapteni Léopold Joubert, Mfaransa aliyewahi kuwa askari wa Papa, aliyezilinda misioni za ziwani dhidi ya wafanyabiashara wa watumwa. Ana bunduki, bwana, anaandikika kirahisi. Lakini makao yake yalikuwa ng'ambo, upande wa Kongo. Mtu wa Karema hasa ni Adrien Atiman.

Huyu alizaliwa pande za Timbuktu, katika Mali ya leo. Akaibwa angali mtoto, akauzwa utumwani, mapadri wakamkomboa, akasomeshwa udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa daktari na katekista, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Alimwoa Agnes, na mtoto wao Joseph akawa padri.

Najua kwa nini tunamkwepa. Hadithi ya Namugongo inajiandika yenyewe: mfalme mwenye hasira, moto, Kizito mdogo kuliko wenzake, tarehe 3 Juni 1886. Atiman hakuchomwa moto. Alifunga vidonda leo, kesho akafunga vingine. Mwandishi chipukizi anauliza: sasa mgogoro uko wapi?

Mgogoro umo ndani ya neno tunaloliandika bila kulitafuna: "alikombolewa". Maana yake alinunuliwa. Fedha ilitoka mkono wa padri ikaingia mkono wa mwenye mtumwa. Je, mtoto yule aliulizwa kama anataka kurudi kwa mama yake? Alipokuja ziwani, alijiona huru, au mtu mwenye deni? Na alipowatibu waliookolewa utumwani kama yeye, waliongea nini? Kuuliza hivyo si kuitukana misioni. Mapenzi ya mtu kwa waliomnunua ili awe huru ni jambo zito, na riwaya ndiyo kazi yake kubeba mambo mazito. Vijitabu vya jubilei vikimfanya mtakatifu wa karatasi, vinampunguzia utu. Mtu asiyewahi kusita hatujui alishinda nini.

Maisha yake aliyoyasimulia mwenyewe yalichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, kwa Kiingereza. Ni vema yapo. Lakini kijana wa Makanyagio au Kashaulili anastahili kumsoma kwa Kiswahili, akiwa na hasira zake, utani wake na uchovu wake wa usiku wa manane mgonjwa anapobisha hodi.

Kwa hiyo wenzangu mtakaopanda basi safari ijayo, vumbi tumelisoma, inatosha. Baada ya misa msikimbilie picha. Waliomwona Atiman kwa macho yao walizaliwa kabla ya mwaka 1956, na mzee wa umri huo hakusubiri wewe umalize kupanga vina. Kaa naye chini, umwachie aongee, na daftari liwe wazi. Akiondoka huyo, tutabaki na kuta tu za kuandika habari zake, na kuta tumeziandika vya kutosha.