Ufundi wa Kufumua

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, haikuundwa ili kijana wa Nairobi amtumie mama yake hela kijijini. Iliundwa ili mkopaji alipe rejesho lake. Vodafone ya Uingereza, iliyokuwa na hisa katika Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipata ruzuku ya serikali ya nchi hiyo, ikaongeza na fedha zake, kisha ikaungana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo kwa vikundi. Wazo lilikuwa safi kabisa: mwanakikundi asihangaike na noti hadi kwenye mkutano, bali aweke hela kwa wakala wa jirani, simu imalizie. Oktoba 2005 majaribio yakaanza Nairobi na Thika, kwa maduka manane na wateja wasiofika mia tano.

Nisingependa kuandika tena sifa za mvumbuzi. Huyo ana waimbaji wa kutosha. Ninayemsifu ni yule anayeongoza timu siku bidhaa inapokataa kufuata mpango ulioandikwa, na kumbe biashara yote iliyojengwa juu yake nayo lazima ibadilike. Wazo la M-Pesa lilitoka kwa Nick Hughes wa Vodafone, lakini kazi ya kuishi nalo mtaani ilimwangukia mwenzake Susie Lonie, aliyekuja Kenya kwa shughuli iliyodhaniwa kuwa ya miezi michache.

Wateja walifundishwa kulipa marejesho, nao wakalipa. Ila hawakuishia hapo. Wafanyabiashara wakaanza kulipana wao kwa wao. Wengine wakahifadhi mauzo ya jioni ndani ya simu, kwa kuwa benki zilifunga mapema kuliko duka la wakala. Wapo walioweka hela mji mmoja, wakasafiri mikono mitupu, wakazitoa mji wa pili saa chache baadaye. Wapo walionunua muda wa maongezi na kuwarushia ndugu zao wa mashambani, nao wakajua wenyewe la kuufanyia. Mwanamke mmoja, mumewe alipoporwa, alimtumia nauli ya kurudi nyumbani.

Kwa meneja wa kawaida, habari kama hizi ni fujo. Nimekaa vikao vya namna hiyo: mtu analeta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, na swali la kwanza mezani ni namna ya kulizuia. Fundi huuliza jingine. Huuliza ni lipi kati ya haya ambalo mtu angelilipia kwa hiari yake, bila kufundishwa wala kubembelezwa. Nauli ya yule mume ilikuwa jibu tosha, mradi awepo wa kulisikia.

Upande wa mikopo, wakati huohuo, mambo yalikuwa yanasuasua. Vitabu vya taasisi na mfumo wa simu havikuzungumza, kwa hiyo hesabu zikawa za kulinganishwa kwa mkono. Kubwa kuliko hilo, mkopo wa kikundi husimama juu ya mkutano. Pale ndipo watu hutazamana machoni, asiyelipa akaulizwa na waliomdhamini. Ukimwezesha mtu kulipa bila kufika, umempunguzia usumbufu, na papo hapo umelegeza kamba iliyokuwa ikimfanya alipe. Hakuna mwandishi wa programu ambaye angeliona hilo akiwa mbele ya kompyuta. Wala sidhani lingetatuliwa kwa kuongeza vitufe.

Basi mishono ikafumuliwa. Mkopo ukaondolewa kwenye menyu, na Machi 2007 huduma ikafunguliwa nchi nzima ikiwa na mambo machache: kutuma pesa, kutoa pesa, kununua muda wa maongezi. Fundi cherehani atakuambia kwamba kushona upya si kugumu kama kufumua nguo ambayo mwenyewe ameshaizoea mwilini. Programu iliandikwa na kampuni ya Sagentia ya Cambridge, na kwa timu yoyote ile sehemu inayoondolewa ni miezi ya maisha ya watu. Siamini kiongozi anayewatuliza watu hao kwa maneno matamu. Awaonyeshe wateja walifanya nini, saa ngapi, kwa kiasi gani. Mhandisi mzuri akiona ushahidi huondoa kazi yake mwenyewe, tena kwa usafi kuliko ambavyo ingeondolewa na mwingine.

Lakini kinachonivutia zaidi ni orodha ya bei ya huduma hiyo, kwa sababu hapo ndipo biashara mpya ilipoandikwa. Sasa mlipaji alikuwa mtumaji, mara kwa mara, kwa kila muamala. Kuweka hela kulikuwa bure. Kumtumia aliyejisajili kulikuwa shilingi 30, uwe unatuma 100 au 35,000. Kumtumia asiyejisajili kulikuwa ghali zaidi, ila yeye alizitoa bila makato yoyote. Tazama mzigo ulivyowekwa. Mzee wa kijijini hakudaiwa kitu, hakulazimishwa kujifunza kitu, alipata noti zake mkononi. Aliyeumia ni mwanawe wa mjini, na ndiye aliyekuwa na sababu ya kupiga simu kumhimiza mzee aende kujisajili. Kazi ya kutangaza ikahamia kwenye familia, kimyakimya. Wakala naye akalipwa kamisheni hata kwa zile hela za kuwekwa ambazo mteja hakukatwa kitu, maana bila hivyo angeona anasumbuliwa bure. Na kwa kuwa alinunua floti, yaani salio la kuhudumia wateja, kwa fedha zake mwenyewe, kampuni haikumkopesha mtu.

Haya yote huonekana kama kazi ya idara ya fedha. Siyo. Kila mstari wa bei ni tawi jipya ndani ya programu, ujumbe mpya wa simu, namba ya kutolea pesa kwa asiye na akaunti, malalamiko mapya kwa huduma kwa wateja. Anayeongoza timu ndiye anayesimama kati ya idara hizo, akihakikisha wote wanajenga kitu kimoja. Kabla ya 2007 kwisha, wateja walikuwa wamepita milioni moja.

Wanaonakili huchukua menyu na kusahau kazi hiyo. Vodacom ilipoifungua M-Pesa Tanzania mwaka 2008, watu hawakuikimbilia kama Kenya. Nchi ni kubwa zaidi, makazi yametawanyika, mawakala wakawa mbali na wateja, na mteja aliyetembea mbali kisha akakuta wakala hana floti hakuwa na haja ya kurudi. Makato na namna ya kupata mawakala vikalazimika kufikiriwa upya, kazi inayoanza pale Lonie alipoanzia, kwenye kaunta ya duka.