Kiumbe wa Sayari Nyingine Anavyokaguliwa Mezani

Shule za sekondari za Ipinda, wilayani Kyela kaskazini mwa Ziwa Nyasa, na kata jirani, kuanzia Makwale mpaka Matema, zikiandaa maonesho ya sayansi, meza moja haikosi: meza ya kiumbe wa sayari nyingine. Waamuzi wakifika hapo wana tabia mbili. Wapo wanaoipita wakicheka, wakawahi meza ya chujio la maji au ya mashine ya kukamua mawese, kwa kuwa kule kuna kitu cha kushika. Na wapo wanaomwaga alama kwa sababu vitaa vinawakawaka na manila imechorwa kwa rangi nne. Wote hao hawajaukagua mradi.

Ugumu wake ni huu: hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuona kiumbe hai kutoka nje ya Dunia. Mwanafunzi hana sampuli ya kuleta, hana picha ya kulinganishia. Alicho nacho ni hoja. Kwa hiyo mimi huanza na swali moja kabla ya yote: huyu kiumbe amelazimishwa na sayari yake kuwa alivyo, au mtoto amembandika tu viungo alivyovipenda? Kila kiungo kiwe na sababu, na sababu hiyo itoke kwenye joto, uzito, mwanga, hewa au chakula cha huko anakoishi. Kisichokuwa na sababu ni pambo.

Kazi hii ina heshima yake ya zamani. Johannes Kepler, mwanafalaki wa Ujerumani aliyetupatia kanuni za mwendo wa sayari, aliandika kitabu kiitwacho Somnium, kikachapishwa mwaka 1634 akiwa ameshafariki. Humo aliwawaza viumbe wa Mwezini. Alijua kwamba mchana wa Mwezini huchukua karibu wiki mbili za kwetu, na usiku vivyo hivyo, basi akawapa viumbe wake tabia ya kukimbilia mapangoni na majini jua linapochoma. Hakuanza na pembe wala macho, alianza na urefu wa mchana. Leo tunajua kwamba Mwezini hakuna hewa wala maji ya kuogelea, lakini Kepler angepata alama nzuri kwangu, maana alikosea kwa sababu ya taarifa za zama zake, hoja yake haikuwa na tundu.

Ukifika mezani, basi, usimtazame kiumbe. Soma kwanza kadi yake ya maelezo. Ikiwa imeandikwa kwamba anaishi “sayari ya mbali sana”, hapo hakuna mradi. Mtoto atake asitake, lazima ataje mahali penye jina na tarakimu. Akisema Mirihi, awe anajua kwamba mvutano wa kule ni asilimia 38 ya wetu, yaani mizani ya kuning'iniza ya mnunuzi wa kakao ingesoma kilo 38 kwa gunia ambalo hapa Ipinda lina kilo 100. Awe anajua hewa yake karibu yote ni kabonidayoksaidi, tena ni nyembamba mno, haifiki hata asilimia moja ya mgandamizo wa hewa yetu. Matokeo yake, maji hayawezi kutulia juu ya ardhi: yataganda au yatageuka mvuke. Kiumbe wa Mirihi anayeoga bwawani amefeli kabla sijauliza jina lake.

Swali langu la pili ni la kuhamisha. “Nikimchukua huyu kutoka Mirihi nikampeleka Europa, mwezi wa Mshtarii, utabadilisha nini?” Aliyefikiri ataanza kumvunja kiumbe wake palepale. Atasema kule kuna barafu juu na bahari chini yake, mwanga wa jua ni mara 27 pungufu kuliko kwetu na haupenyi barafu nene, kwa hiyo macho haya makubwa hayana kazi, na majani haya ya kunasa jua nayaondoa. Aliyekopi atakwambia, “Hakuna mwalimu, atabaki hivihivi.” Mwandikie alama umpishe anayefuata.

Watoto wa mwambao huu wana bahati ambayo wengi wao hawaitumii. Wanahangaika na yule kijani mwenye kichwa cha parachichi na antena mbili, wa kwenye sinema, kumbe wamelala kando ya dunia nyingine. Ziwa Nyasa lina kina kinachofika mita 700 hivi. Maji yake ya chini hayachanganyiki na ya juu, na ukishavuka mita 200 na ushee kwenda chini hakuna oksijeni kabisa. Samaki hawafiki huko, bakteria wapo. Mgandamizo huongezeka kwa kiasi cha hewa nzima ya Dunia kila ukishuka mita 10. Mwanafunzi anayetaka kuwaza bahari ya giza ya Europa, angeanzia hapo, akaongeza habari ya mwaka 1977, watafiti walipoteremka karibu na visiwa vya Galapagos na kukuta viumbe wamestawi kwenye chemchemi za moto sakafuni mwa bahari, wakiishi kwa nguvu ya kemikali bila kutegemea mwanga wa jua.

Kwa kipimo cha kazi bora sijaona kinachomshinda kisubi wa ziwani. Wale visubi wanaoinuka juu ya maji kwa wingu mithili ya moshi, ambao wenzetu wa upande wa Malawi huwaita nkhungu na huwakanda mikate, wakiwa bado mabuu huishi majini. Mtazame buu huyo kwenye glasi. Kupitia mwili wake unaona hadi upande wa pili, isipokuwa macho na vifuko vya hewa, viwili mbele na viwili nyuma. Vifuko vinamsaidia kupanda na kushuka. Mchana huzama kwenye maji yenye oksijeni haba, ambako samaki wengi hawathubutu kumfuata, na usiku hupanda kula. Kwa nini anapitisha mwanga? Asionekane. Kwa nini ana vifuko? Asafiri wima bila kuchoka. Kwa nini anashuka? Asiliwe. Kila kiungo kina jibu, na jibu moja linalishika lingine. Mwanafunzi akiniletea kiumbe wa namna hiyo, hata kama amemchora kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, simuachi.

Ziwa hilohilo linafundisha jambo jingine ambalo miradi mingi hulisahau: hakuna kiumbe anayeishi peke yake. Aina za samaki wa Ziwa Nyasa zinahesabiwa kwa mamia, na nyingi hazipatikani popote pengine. Kwenye mawe ya pale Matema wako wanaokwangua mwani, wengine ziwani humu hula magamba ya wenzao, na majike ya aina nyingi hubeba mayai na vifaranga mdomoni. Mtoto angemchora samaki wa hivyo kabla hajamwona, tungesema ametia chumvi. Kwa hiyo uliza: anakula nani, analiwa na nani, anazaaje, mizoga yake inakwenda wapi? Kiumbe anayekaa katikati ya sayari tupu ni sanamu.

Sasa jaribio. Mradi wa kuwaza tu, hata uwe mtamu namna gani, kwangu haupati alama kamili. Lazima kuwe na kitu kilichopimwa. Jaribio ninalolipenda halina gharama: hamira, sukari, maji ya uvuguvugu, chupa za maji zilizotupwa na maputo. Hamira ikila sukari hutoa gesi, puto lililofungwa mdomoni mwa chupa linavimba. Mwanafunzi anaongeza chumvi, chupa hii kijiko kimoja, ile vitatu, nyingine vitano, aone uhai unakomea wapi, kwa kuwa swali lake ni kama bahari ya chumvi chini ya barafu inaweza kukaliwa. Hapo mkaguzi ainame. Je, iko chupa isiyo na chumvi, ya kulinganishia? Iko isiyo na hamira? Sukari na maji ni kiasi kilekile kote? Amerudia, au ana chupa moja moja? Puto alilipimaje? Niliyempenda alizungusha uzi kwenye tumbo la puto, akaulaza uzi kwenye rula, akaandika sentimita kila baada ya dakika kumi. Mwingine aliandika “limevimba sana”. Sana ndiyo ngapi?

Sikiliza na hitimisho lake. Akisema “hivyo Europa kuna uhai”, amekimbia mbele ya chupa zake. Akisema “hivyo hamira ya dukani haivumilii chumvi ya kiasi hiki, na kiumbe wangu itabidi awe na namna ya kuitoa mwilini”, huyo ameelewa. Vilevile wapo wanaotumia chemchemi ya maji moto ya Kilambo, iliyo karibu nasi, kama mfano wa mahali pakali penye uhai. Ni wazo zuri. Katika miaka ya 1960 Thomas Brock alianza kuwachunguza bakteria wa chemchemi za Yellowstone, Marekani, akampata mmoja anayestawi kwenye nyuzi 70. Ila mtoto aliyeitaja Kilambo bila kufika na kipimajoto amedesa tu.

Daftari la mradi lisome kama polisi. Lenye mwandiko mmoja, kalamu moja na kurasa safi limeandikwa usiku mmoja kabla ya maonesho. Kama kuna kumbukumbu za anga, mambo matatu humuumbua mwongo. Kwanza, Kyela ni ya mvua, na miezi ya Machi hadi Mei mawingu hayatoki, kwa hiyo daftari la Aprili lisilo na usiku hata mmoja ulioandikwa “sikuona kitu” ni la kutunga. Pili, mwezi mchanga kwetu hulala kama mtumbwi, ncha zikitazama juu, na aliyeuchora umesimama kama herufi C kauchukua kitabuni. Tatu, mwezi mpevu huchomoza mashariki jua linapozama, na anayedai aliuona magharibi jioni hakutoka nje.

Kifani, yaani lile sanamu na vijisayari vyake, nakipa muda mfupi. Maboksi, maganda ya kakao, pumba za mpunga na gundi vinatosha. Udongo ni bora zaidi, na Wakisi wa Ikombe, wafinyanzi wanaouza vyungu vyao soko la Lyulilo pale Matema, wanao ujuzi ambao shule ingeuomba. Mnunuzi wa chungu hukigonga kwa kidole asikie mlio, na mwamuzi agonge kwa swali moja tu hapa: vipimo ni sahihi? Dunia ikiwa punje ya sentimita 1, Jua ni tufe la zaidi ya mita 1 lililo umbali wa mita 117, Mshtarii una sentimita 11 na uko mita 600 na zaidi, Neptuni iko kilometa 3 na nusu. Hakuna meza inayoweza hayo. Sidai wayaweke, nataka kadi ikiri kwamba umbali haukufuata kipimo. Kwa kipimo hichohicho nyota iliyo jirani na Jua, Proxima Centauri, ingekuwa kilometa 31,500 kutoka hapa, na hiyo inawaondolea watoto habari za wageni kupita jioni kusalimia.

Kuna wanaokileta Kimondo cha Mbozi kama ushahidi kwamba uhai ulishuka kutoka angani. Wapongeze kwa kutazama karibu, halafu warekebishe. Kimondo kile cha Ndolezi, chenye urefu wa mita 3 hivi, ni chuma kwa asilimia 90 pamoja na nikeli. Wakitaka kimondo chenye kemikali zinazohusiana na uhai, wazungumzie kile cha Murchison, kilichoanguka Australia mwaka 1969 na kukutwa na amino asidi. Wengine huandaa salamu za kupeleka angani. Hao waambie kwamba sahani zilizopakwa dhahabu, zilizorushwa na vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977, zina salamu za lugha 55, Kiganda kimo, na Kinyanja cha jirani zetu wa ziwa hili kimo. Kiswahili hakimo. Kazi bado ipo.

Mwisho mhoji kila mwanakikundi, siyo msemaji peke yake. Mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoasisiwa mwaka 2011 na Gozibert Kamugisha na Joseph Clowry kwa mfano wa yale ya Ireland, yamewazoesha wanafunzi wetu kusimama mbele ya waamuzi na kutetea utafiti wao, na nidhamu hiyo ifuatwe hata kwenye maonesho ya kata. Aliyenyamaza pembeni mara nyingi ndiye aliyefunga maputo. Mkatize anayekariri, mrudishe katikati ya sentensi. Akijua ataendelea kwa maneno mengine, na akiwa amekariri ataanza upya toka “Mheshimiwa mgeni rasmi”. Na kama mzazi au mwalimu ndiye aliyetengeneza, utamjua kwa jinsi anavyosogea mezani swali linapokuwa gumu.

Mgawanyo wangu ni alama 40 kwa hoja ya kiumbe, 30 kwa jaribio na daftari, 20 kwa majibu ya ana kwa ana, 10 kwa kifani. Vitaa havina alama.

Nawaomba waamuzi wenzangu mwandike sababu ya kila alama kwenye karatasi ya mwanafunzi, siyo tarakimu tupu. Na mradi ukiwa wa Europa, mwandikieni pembeni mwaka 2030. Chombo cha Europa Clipper kilirushwa Oktoba 14, 2024, na kinatarajiwa kufika kwenye Mshtarii mwaka huo wa 2030. Aitunze kadi yake, ailinganishe na taarifa zitakazotumwa.