Hongera, mafundi wa baridi

Huku Vanga, pwani ya Kenya, samaki hangoji mtu. Changu aliyeshushwa alfajiri bila barafu, adhuhuri macho yameshazama. Ndiyo sababu fundi friji namheshimu kuliko mabosi wengi. Kazi ya kwanza ya ufundi huu haianzi na barua ya maombi. Kijana humbebea fundi mkoba, huosha vichujio vya viyoyozi katika hoteli za Diani, hutega sikio kwenye kompresa. Siku atakapolehemu paipu ya shaba, aipake maji ya sabuni na yasitoe hata kipovu kimoja, ataachiwa friji peke yake. Mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, huja baadaye. Na kazi haiishi, maana chumvi ya bahari hula vyuma. Hongereni, hasa nyinyi msiowaficha vijana kitu.