Wanaotunza Majina ya Mababu Zetu

Anayefuatilia habari za babu aliyekuwa seremala au mwashi enzi za mkoloni, mara nyingi hatimaye hufika Nyaraka za Taifa, Nairobi, katika jumba la Moi Avenue lililokuwa benki zamani. Huko hupokewa na wahifadhi wa nyaraka.

Kazi yao ni nzito. Majalada ya wilaya yamekauka. Karatasi humeguka ukizifunua kwa pupa, na vumbi lake hubana kifua. Jina la fundi mmoja, kila karani aliliandika alivyolisikia. Basi mhifadhi hulinganisha kijiji, chifu na mwaka kabla ya kusema: ndiye. Miaka ya 1920 mwanamume Mwafrika nchini Kenya alilazimishwa kubeba kitambulisho kilichoitwa kipande, chenye alama za vidole, mwajiri na mshahara wake. Rekodi zilizowekwa ili kumbana, leo zaweza kumrejesha kwa wajukuu.

Kisha jalada hurudishwa kwa namba yake, kwani likiwekwa pasipo pake limepotea.

Deni letu kwao ni kubwa. Ukienda, nawa mikono, funua taratibu, na uwashukuru.